Mtungi wa Baba Yake Zulmira

Agosti 29

Nimenunua daftari. Mtengeneza mvinyo asiye na daftari ni mnywaji tu, na unywaji nimeufanya miaka hamsini, sasa napanda cheo. Jina langu Belmiro Carrasco, umri sitini na sita, meno ishirini na mawili, yote yangu. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nimekula katika bandari kumi na saba na nimefanya kazi Luxemburg miaka kumi na tisa. Kwa hiyo watu wa kijiji hiki cha Alentejo, kusini mwa Ureno, wakibishana juu ya dunia huja kwangu, nami huwaamulia, hata pale nisipojua.

Sababu ya daftari ni hii. Jana mchana nilikuwa mgahawani kwa Zulmira, mezani pangu pa kila siku, mbele yangu supu ya dengu na malenge. Zulmira akatoka jikoni anafuta mikono kwenye aproni, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Mwaka huu mtungi wa baba hautatiwa zabibu. Odete anakuja kunichukua Siku ya Mtakatifu Martinho. Nafunga mgahawa, nakwenda kukaa naye Luxemburg."

Odete ni binti yake wa pekee. Mtungi ni ule wa udongo wa kutengenezea mvinyo, ulioko ghalani nyuma ya jiko, mrefu kuliko mimi, na tumbo kama la askofu. Kila nyumba hapa ina wake, na mitungi yote hutobolewa siku hiyo moja ya Mtakatifu Martinho, tarehe kumi na moja Novemba, watu wakapita mlango kwa mlango wakionja. Nyumba ambayo mtungi wake haukutobolewa, hata mbwa huipita kwa heshima kama amepita penye msiba.

Vijiko vikatulia. "Mnanikodolea nini?" Zulmira akasema. "Nani atautia zabibu? Baba hayupo. Mume wangu Januário hayupo. Nyinyi mnachojua ni kunywa."

"Mimi," nikasema.

Mgahawa mzima ukacheka. Mzee Hermínio, mwenye miaka themanini na miwili na bingwa wa mitungi wa eneo lote hili, alipaliwa na mkate mpaka akapigwa mgongoni. "Wewe, kijana? Umetengeneza mvinyo lini?"

"Ufaransa, Mzee. Misimu kumi na tisa. Kila likizo."

Ufaransa nilifika, hilo ni kweli kabisa. Mengine tuyaache kwanza.

Zulmira alinitazama muda mrefu, kama anavyomtazama samaki wa muuzaji asiyemwamini. "Haya, Belmiro. Mizabibu ya baba ipo. Siku hiyo nitakaa mbele ya mtungi, nitakunywa bilauri moja. Nikishaimaliza ndipo nitasema kama nakwenda au nabaki."

"Ukinywa yangu, Bi Zulmira, Odete mwenyewe atahamia huku."

Supu sikuimaliza. Jambo hilo halijapata kutokea.

Septemba 1

Tini kumi na nne, papo hapo chini ya mti, na jibini la kondoo. Nikalala. Niliota nimekuwa tini.

Septemba 9

Tumechuma. Mizabibu ya baba yake Zulmira ni mizee, imejikunja kama watu wanaotafuta kitu walichoangusha, na kila mmoja una zabibu za namna yake: za kijani, za manjano, za kunukia maua, na mmoja ambao hakuna anayejua jina lake, hata Mzee Hermínio. Tulianza umande haujakauka. Kufikia saa nne nilikuwa nimekula kiasi cha kutosha mtungi mdogo. Zulmira akaleta chakula shambani: mkate wa jana uliolowekwa maji ya moto yenye kitunguu saumu na giligilani, mafuta ya zeituni juu, na yai linalotetemeka. Nimelishwa kwenye meli na kwenye hoteli yenye vinara vya dhahabu. Sijawahi kulishwa vile.

Kuna jambo nimegundua. Zulmira akiwa shambani hupiga mluzi.

Septemba 10

Leo ndipo nimeonyesha ufundi. Zabibu zote nimezitoa vikonyo, kimoja kimoja, kwa mikono hii, tangu asubuhi mpaka kiuno kikakataa. Zikabaki zabibu tupu, zinang'aa kama macho ya samaki, ndipo nikaingia kuzikanyaga kwa miguu nikiimba nyimbo zote ninazozijua na mbili nisizozijua.

Mzee Hermínio alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa ghala, kwa sababu ya nyonga yake. "Umezivua mpaka nguo za ndani?"

"Huo ndio ustaarabu, Mzee. Ufaransa kikonyo hakiingii mlangoni. Kinatia uchungu."

"Kumbe! Haya, Mfaransa." Akacheka mpaka kiti kikalia.

Zulmira alipita na bakuli la zeituni. Akalitazama lundo la vikonyo uani, akanitazama mimi, maji ya zabibu yamenifika magotini, sauti iko juu. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akarudi jikoni. Nadhani alivutiwa.

Vikonyo tumewapa mbuzi.

Septemba 13

Mtungi umeamka! Hakuna aliyeuwasha, hakuna moto, nao unachemka. Maganda yamepanda juu yakawa kofia nzito, na kofia hiyo lazima isukumwe chini kwa mti mrefu asubuhi na jioni, la sivyo hewa inakosa pa kutokea na mtungi unapasuka. Kila familia hapa ina babu aliyesahau mara moja na kuta zilizopakwa chokaa upya.

Kwa hiyo sasa naenda kwa Zulmira mara mbili kwa siku. Nabisha, ananifungulia, anasema "Umekuja," nasema "Nimekuja."

Leo baada ya kusukuma nimeweka sikio kwenye tumbo la udongo. Mle ndani kuna mvua inayonyesha mbali sana, kwenye paa za mji nisioujua, na katikati ya mvua kuna watu wanaonong'ona wakielewana. Harufu yake ni ya mkate, ndizi, na nywele za mtu aliyetoka juani. Nikakaa juu ya kigoda, macho yakafumba yenyewe. Nikaona milima yote ya Alentejo imelegea kama unga uliofunikwa kitambaa, inaumuka polepole, na sisi wote tumekaa juu yake tunakula, hakuna anayetaka kwenda popote. Zulmira alinigusa bega. "Belmiro, umelala na mti mkononi."

"Nilikuwa nasikiliza."

"Unakoroma ukisikiliza?"

Septemba 17

Umekuja. Nimekuja.

Septemba 22

Umekuja. Nimekuja. Safari hii kulikuwa na kahawa.

Septemba 30

Mvua ya kwanza. Ardhi imetoa ile harufu yake, kijiji kizima kikasimama milangoni kuinusa. Zulmira akakaanga nyama ya nguruwe na kome wa baharini, akasema ni kwa sababu ya mvua. Napenda sana nchi ambayo mvua ni sababu ya kukaanga kitu.

Oktoba 6

Umefika wakati wa marmelo, lile tunda la manjano lenye manyoya, gumu kama ngumi, ambalo likiwa bichi halifai hata kumpiga nalo mtu. Ukilipika na sukari linageuka jekundu na laini, na nyumba nzima inanukia kama kanisa lililooa. Leo nilikoroga sufuria saa mbili. Nikamwambia Zulmira kwamba Luxemburg hakuna marmelo.

"Yapo, yanauzwa dukani. Odete kaniambia."

"Ya dukani yana huzuni."

"Na wewe unayajuaje yakiwa na huzuni?"

"Niliishi nayo miaka kumi na tisa, Bi Zulmira. Nilikuwa nakula peke yangu, dirishani, natazama maegesho ya magari."

Sikupanga kulisema hilo. Yeye akachukua mwiko mkononi mwangu, akakoroga mwenyewe. Sufuria ndiyo iliyosema, plop, plop.

Oktoba 15

Mtungi umenyamaza. Maganda yote yamezama. Nimemwagia juu mafuta ya zeituni kidole kimoja ili hewa isiguse mvinyo, jinsi wanavyofanya wote hapa. Sasa ni kungoja.

Lakini siku hizi sina kisingizio cha kubisha mara mbili. Nimekwenda hata hivyo. "Umekuja," akasema. "Nimekuja kuona kama mafuta yapo." "Yaende wapi?" Akanipa kahawa.

Oktoba 19

Siku mbaya. Naandika kirefu kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Nilikwenda kwa Mzee Hermínio kumtazama akisafisha bomba lake la mti, lile linalopigwa nyundo moja kupita kwenye kizibo chini ya mtungi. Nikasema, nami nimeshanunua bomba langu, mti wa mzeituni, zuri kama fimbo ya mfalme.

"La nini?" akasema. "Hutalihitaji. Nilidhani ninyi Wafaransa mna njia yenu nyingine."

"Njia ya nini, Mzee?"

Akaweka kisu chini. "Ya kuutoa mvinyo, kijana. Vikonyo ndivyo chujio! Vinatangulia kukaa chini, maganda yanalala juu yake, mvinyo unapita katikati na kutoka safi. Wewe umewalisha mbuzi. Chini ya mtungi wako sasa kuna maganda matupu yaliyoshikana kama udongo wa mfinyanzi. Ukigonga bomba, hakitoki kitu. Au litoke tope."

Nilitafuta kiti. "Mbona hukuniambia?"

"Ulisema misimu kumi na tisa! Mimi sijafika hata Hispania. Nikasema moyoni, mzee nyamaza, huyu ana siri yake."

Nikamuuliza kama vinaweza kutiwa sasa. Vitafika vipi chini, akasema, kukiwa na mvinyo na maganda yaliyojaa mtungi mzima? Kuuchota wote kwa juu, hewa itauingia, tutakunywa siki.

Sasa nitaandika ukweli, maana daftari halicheki. Ufaransa nilikaa siku nne, vuli moja tu, mwaka ambao mguu wangu ulikuwa kwenye plasta na kazi ya ujenzi ilinikataa. Niliosha masufuria ya wachumaji. Kupitia dirisha la jikoni niliona mashine inatoa vikonyo na mtu mwenye tai anaisifu. Hayo ndiyo masomo yangu yote ya mvinyo. Mengine nimeyajenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, kwa kuwa mtu anayerudi kutoka mbali hawezi kurudi mikono mitupu, na mimi sikurudi na mke wala nyumba wala gari. Nilirudi na hadithi.

Na hadithi zilitosha, mpaka leo. Leo kuna mwanamke atakayekaa kwenye kiti mbele ya mtungi wa baba yake, nami nitagonga bomba, hakitatoka kitu, naye atachukua koti.

Mzee Hermínio aliniona uso. "Usife hapa kwangu," akasema. "Nitakupa jagi la mvinyo wangu. Lifiche nyuma ya mtungi. Umpe bilauri kwa ujanja, nani atajua?"

Nikasema nitafikiri.

Oktoba 20

Sikuenda kubisha.

Oktoba 21

Sikuenda. Nimekula mkate na zeituni, nimesimama wima kama farasi.

Oktoba 22

Zulmira alikuja mwenyewe, bakuli limefunikwa kitambaa. "Umekufa?"

"Bado."

"Basi kula." Ilikuwa supu ya dengu na malenge. Akakaa mpaka nikamaliza, akachukua bakuli, na mlangoni akageuka: "Kahawa yako nimeimwaga siku tatu, Belmiro. Ni dhambi."

Novemba 1

Watakatifu Wote. Tumekwenda makaburini na maua ya krizanti, kijiji kizima, halafu keki za lozi na asali. Zulmira alisafisha jiwe la Januário kwa brashi, kisha akanipa brashi nisafishe la mama yangu. Nilitaka kumwambia pale pale. Nikala keki ya tatu badala yake.

Novemba 8

Jua limerudi. Kila mwaka hufanya hivi, siku chache za joto kabla ya Mtakatifu Martinho, kama mgeni aliyeaga akakumbuka kukubusu. Nyuki wamechanganyikiwa. Paka wamelala barabarani na magari yanawazunguka. Hewa ina rangi ya mvinyo mweupe na watu wote wanatembea taratibu, wamefumba jicho moja. Hata mimi mwenye hatia nimelala juu ya ukuta saa nzima, ubavu wangu mmoja jua na mwingine jiwe, nikiwaza kwamba kama mbinguni hakuna mwezi wa Novemba, nitaomba uhamisho.

Zulmira ameanza kupanga sanduku. Nililiona kitandani kupitia mlango, wazi kama mdomo.

Novemba 10

Jagi la Hermínio nimelificha nyuma ya mtungi, chini ya gunia.

Novemba 11

Naandika nikiwa ghalani, kwenye kigoda, daftari juu ya goti.

Odete alifika saa tatu, koti zuri la kijivu, funguo za gari mkononi. "Mzee Belmiro! Bado unadanganya watu?"

"Kwa wingi, binti yangu."

"Mama, tukitoka saa sita tutalala Hispania."

Zulmira alivaa gauni lake la buluu na akaketi mbele ya mtungi, mikono mapajani. Majirani walikuwa wamejaa mpaka uani. Saa nne nikapiga nyundo, pigo moja, bomba likaingia vizuri hata Mzee Hermínio akaguna kwa kuridhika. Nikafungua.

Hakikutoka kitu.

Nikainama nikatazama. Katika mdomo wa bomba pakatokea ukungu, ukungu ukawa ushanga, ushanga ukanenepa, ukasitasita, ukaanguka. Tone moja. Nikahesabu mpaka tano. Tone la pili.

Mtu akacheka huko nyuma. "Belmiro, huo ni mvinyo au machozi?" Mwingine akajibu, "Ni wa Kifaransa, unyamaze, unavaa viatu kwanza!"

Odete akatazama saa. Bilauri chini ya bomba haikuwa na kitu ila unyevu. Mzee Hermínio akanikonyeza, akaelekeza kidevu kwenye gunia. Ilikuwa rahisi sana. Ningesema, tokeni kidogo mpate hewa, nilizibue bomba hili kwa waya. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kulishika gunia.

Zulmira hakulitazama gunia. Alikuwa anatazama tone.

"Bi Zulmira," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Sijawahi kutengeneza mvinyo maishani mwangu. Ufaransa niliosha masufuria, siku nne. Mtungi umeziba kwa sababu nilitupa vikonyo, na nilivitupa kwa sababu ya kujifanya mjuzi. Hapa nyuma kuna jagi la Hermínio nililotaka kukudanganya nalo. Mvinyo wa baba yako ndio huo, tone tone. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

"Nilijua," Zulmira akasema.

"Ulijua nini?"

"Yote. Ufaransa nilijua tangu uliporudi, maana kila mwaka unataja mahali tofauti. Na vikonyo niliviona siku ile. Nimekulia ndani ya ghala hili, Belmiro, baba alikuwa akinituma nivikusanye."

"Bi Zulmira wee! Mbona hukusema?"

Akakunja gauni magotini, akalikunjua. "Ulikuwa unaimba. Tangu Januário aondoke hakuna mtu aliyeimba humu ndani. Nikasema, vikonyo na vipotee."

Odete akamtazama mama yake, kisha mimi, kisha mama yake tena, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya.

"Kwa hiyo nitangoja bilauri yangu," Zulmira akasema. "Nilisema moja, na iwe moja."

Tukangoja. Sijapata kuona sikukuu kama hii. Katika maghala mengine watu huonja, husifu, huondoka. Kwetu hakukuwa na cha kuonja, basi waliokuja walikwama. Aliyekuja na kastanya, zile njugu nono za kuchoma, akawasha moto uani. Mwingine akaenda kuleta soseji. Jagi la Hermínio likatolewa chini ya gunia na kunywewa hadharani bila aibu, naye akipokea sifa kama bwana harusi. Saa saba mtu mmoja akaanza wimbo wa polepole, wa pili akaupandisha juu, na wanaume wote wakaingia chini yake kwa pamoja, kama wamebeba kitu kizito na hawana haraka ya kukitua. Tone likaanguka katikati ya beti. Jua lilikuwa limeingia mpaka miguuni pa mtungi. Moshi wa kastanya ukaning'inia ndani yake, wa buluu, hauendi popote.

Saa sita ilikuwa imepita bila mtu kuiona. Odete alikuwa amekaa juu ya pipa, vidole vyeusi kwa maganda ya kastanya, anamlisha Hermínio.

Saa nane bilauri ikajaa. Niliiinua juani. Sikutarajia: mvinyo ulikuwa safi, wa rangi ya asali, hakuna hata chembe. Maganda yalikuwa yameuchuja yenyewe, kwa muda wake.

Zulmira alikunywa polepole, macho yamefumba. Ghala zima lilimeza pamoja naye. Alipomaliza akailamba midomo, akaiweka bilauri tupu chini ya bomba, palepale ilipokuwa.

"Odete," akasema, "vua koti, mwanangu. Hii ya pili haitajaa kabla ya jua kuzama."